Kata Nne Chini ya Meza ya Faridah

Faridah aliponiambia twende Tooting tukachukue jiwe, nilidhani ni jiwe la kusugulia visigino, nikabeba mkoba mdogo. Yeye akabeba toroli la sokoni, lile la magurudumu mawili ambalo wazee wa huku London huliburura nyuma yao. Nikamuuliza, "Toroli la nini?" Akanijibu, "La jiwe, Bibi." Nikamcheka njia nzima, mpaka tulipofika mlangoni kwa Alka nikaliona jiwe lenyewe, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Alka ni Mhindi wa kwetu, mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake bado kina vumbi la Biashara Street. Alikuwa amebomoa jiko lake apate jipya, na kaunta ya zamani ikakatwa vipande. Kimoja kilikuwa kimeegemea ukuta kinatungoja: cheusi, upana wa sinia la watu wanne, unene wa vidole vitatu, kimesuguliwa mpaka nikauona uso wangu ndani yake, na nyuma ya uso wangu nikaona nyota. Nasema nyota. Granaiti ina chembechembe, ukiinama zinakukonyeza. Nikavua viatu.

"Mama, kwa nini natoa viatu?" Alka akauliza. "Hii jiwe ya jikoni tu. Mimi iko kata kitunguu juu yake miaka kumi."

"Basi umekata kitunguu juu ya mbingu," nikamwambia.

Tulilitia torolini watu watatu. Kwenye basi, upande wetu uliinama, dereva akashuka kutazama magurudumu, na abiria wa upande wetu wakaombwa kwa adabu wahamie upande wa pili. Faridah atakwambia dereva hakushuka. Faridah alikuwa anatazama simu.

Jiwe lilikuwa la kuchongea ngozi. Faridah huchonga ngozi, na nataka nieleweke, maana hata mimi mwanzo sikuelewa. Si kushona mikoba, ingawa mikoba hushona. Huchukua ngozi nene ya ng'ombe, iliyotengenezwa kwa maganda ya miti, rangi ya uji wa mtama. Huilowesha. Halafu kwa kisu kidogo na vyuma vidogo na nyundo, hutoa juu yake maua na majani yaliyoinuka, ukipitisha kidole unayahisi kama mishipa kwenye mkono wa mzee.

Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, na pia ni mke mwenzangu. Kwetu babu humwita mjukuu wa kike mkewe, kwa hiyo mimi na Faridah tumegombania mume mmoja tangu alipoanza kutambaa. Mume mwenyewe ni marehemu Athmani, fundi wa makubadhi, mwenye kiduka upana wa mlango kule Bondeni. Makubadhi yake yalivaliwa na maharusi. Kuna bwana mmoja aliyavaa siku ya harusi akaenda nayo mpaka Lamu kwa miguu, akarudi, na soli ilikuwa bado inanuka duka. Nimeyaona mwenyewe, au nimemwona aliyeyaona.

Athmani alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini vyuma vyake havikushikwa na mwanamke. Mimi nilimpelekea chai miaka thelathini na moja na sikuwahi kuvuka kizingiti. Faridah naye, akiwa na miaka sita, alikuwa akikaa nje pale mlangoni, anaokota vipande vya ngozi vilivyotupwa, anavichorachora kwa msumari. Siku moja alimpa babu yake kipande chenye jani. Jani hasa, na mshipa wake katikati. Athmani akakitazama, akasema, "Kizuri, mke wangu," kisha akakikunja akakichomeka chini ya mlango usigongwe na upepo. Hakuwa na ubaya. Hakuona tu. Lakini mimi nilimwona mtoto anavyoutazama ule mlango.

Alikuja London na mamake akiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa ana thelathini na sita, tunakaa Edmonton, na kazi yake ni kuwatunza wazee kwenye nyumba yao, shifti ya jioni: anawalisha, anawaogesha, anawavua nguo, anawalaza. Huko kulikuwa na mzee mmoja wa Kiingereza aliyevaa mshipi wa ngozi wenye majani yaliyochongwa kuuzunguka wote. Kila jioni, Faridah akiufungua ule mshipi, vidole vyake vilikuwa vinakawia. Kila jani lilikuwa na ukingo wake na kivuli chake. Akaniambia, "Bibi, yule mzee mimi humvua mshipi polepole kuliko wenzake wote. Wenzangu wanadhani ni huruma."

Akajiandikisha darasa la wiki nane. Baada ya hapo akawa ananunua chuma kimoja kimoja, mwezi huu hiki, mwezi ujao kile, kama mtu anayemwalika mgeni mmoja mmoja mpaka nyumba ijae. Alianza kuchongea kwenye ubao wa kukatia nyama jikoni. Ubao ukigongwa uliruka, nyundo ikaruka, na alama moja ikatokea mara mbili, kama kitu kinachoonwa na mlevi. Ndipo fundi aliyemfundisha akamwambia atafute jiwe: zito, bapa, lisilorudisha pigo.

Basi jiwe likaja. Na siku alipolipanga, mimi nilikaa kwenye kiti changu nikatazama kama ninavyotazama maharusi.

Meza ilikuwa ya mbao nzito, kule nyumba ya wazee walikuwa wanaitupa. Akaisimamisha katikati ya sebule, akaipima kwa kiwiko: ukikaa, jiwe liwe chini kidogo ya kiwiko, bega lisipande. Jiwe akaliweka pembeni, sawasawa juu ya mguu wa meza, maana katikati ya meza hupwita. Kulia akaweka kigogo chenye matundu, na ndani yake vyuma ishirini na tatu vimesimama vichwa juu, vyembamba, kimya, kila kimoja kinajitazamia mambo yake, kama watu kwenye treni ya asubuhi. Kushoto taa, ameiinamisha mpaka karibu ilale. Nikamwambia, "Hiyo taa imechoka, iinue." Akasema, "Hapana, Bibi. Mwanga wa juu unaficha mkato. Mwanga wa ubavuni unaupa kila mkato kivuli chake." Bakuli la maji, sponji. Kibao cha kunolea, kimepakwa dawa ya kijani. Na kile kisu! Kifupi kama kidole, shingo yake inazunguka, na juu yake kuna kitanda cha kidole cha shahada. Kisu hakishikwi kama kisu. Kinaongozwa kama kipofu anavyoongozwa na mtoto.

Akailowesha ngozi, ikawa nyeusi. Nikasema tuanze. Akasema tungoje. Tukangoja, na ngozi ikaanza kurudi rangi yake polepole, kama mtu anayepata fahamu. Akaichukua akaiweka shavuni kwangu. Ilionekana kavu, lakini ilikuwa baridi.

"Sasa," akasema. "Rangi imerudi, baridi haijatoka. Sasa inasikia kila kitu."

Akakata mstari wa jani. Haukwenda chini hata nusu ya unene. Akachukua chuma chenye mdomo wa mshazari, akauweka mdomo ndani ya mkato, akagonga. Akasogeza upana wa punje ya ufuta, akagonga. Akasogeza, akagonga. Na mimi Bibi, niliyemtazama fundi wa ngozi kutoka kizingitini miaka thelathini na moja, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: jani likainuka. Hakuligusa! Alikuwa akizamisha kilicho kando yake tu, na jani lilikaa pale pale lilipokuwa, lakini dunia yote iliyolizunguka ikashuka, basi lenyewe likawa juu.

"Subhanallah," nikasema. "Umelifanyaje?"

"Sijalifanya kitu, Bibi. Nimeliacha."

Nikapitisha kidole juu yake, nikakirudisha, nikakipitisha tena.

Kesho yake asubuhi, yeye bado amelala, mimi nina unga nimeukanda, nikalitazama lile jiwe. Nani angeliona jiwe kama lile aliache? Nikasukuma chapati tisa juu yake. Nakuapia zilikuwa za duara kamili, hata mwezi ungeona haya. Faridah akaamka, akasimama mlangoni kwa nguo za kulalia.

"Bibi! Mafuta!"

"Kidogo tu, mwanangu, zisigande."

"Ngozi ikigusa mafuta hainywi maji tena! Inabaki na baka milele!"

Akalisugua jiwe kwa sabuni mara tatu. Akala chapati nne, akiwa amenuna. Kisha akaniwekea mpaka: nisiisogelee ile meza kuliko urefu wa mkono wangu, na mkono mwenyewe niukunje.

Siku hiyo hiyo, saa sita mchana, ndipo Miradie alipopanda.

Nyumba tunayokaa ni ya safu, ilikatwa ikawa mbili: juu sisi, chini Miradie. Ni Mkongo wa Bukavu, mpole, mlokole, anafanya kazi ya usiku hospitalini, analala tangu saa nne asubuhi mpaka jua lishuke. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama na kofia yake ya kulalia, macho mekundu kama pilipili.

"Mama," akasema, "mi nakuheshimu sana. Lakini uniambie: muko natwanga nini huku juu? Sombe?"

"Si kisamvu. Ni maua."

"Maua?"

"Maua ya ngozi."

Akanitazama kama mtu aliyeanza kunihurumia. Faridah akaja na nyundo yake mkononi, na Miradie akaitazama ile nyundo.

"Dada, mi natumika usiku. Nageuza wagonjwa, nawaosha, mpaka asubuhi. Nikirudi, kichwa yangu inagusa muto, na weye unaanza. Ndu! Ndu! Ndu! Mbele ilikuwa kidogo, sasa inaingia mpaka mu meno. Nimesema mara ya kwanza, mu ngazi. Nimesema mara ya pili, ku mlango. Hii ni ya tatu. Nangojea mpaka siku ya tano. Nikisikia tena siku ya tano, naandikia mwenye nyumba."

Siku ya tano kwao ni Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Nilijitayarisha kwa vita. Nilikuwa nimeshapata maneno mawili mazuri. Lakini Faridah alisema tu, "Pole, dada. Una haki," na mlango ulipofungwa akakaa chini akaiweka nyundo mapajani.

"Ana haki, Bibi. Mimi najua kulala kwa mtu wa usiku kulivyo. Ijumaa akisikia, nafunga vyuma sandukuni, basi. Sitamwibia mtu usingizi wake kwa sababu ya maua."

"Uchonge saa nyingine."

"Saa gani? Saa tisa natoka, saa tano usiku narudi. Saa tano nyumba ya ubavuni kuna mtoto mchanga."

"Mahali pengine, basi."

Alishatafuta. Vyumba vya mafundi wanavyoshirikiana vina foleni ya mwaka na nusu. Bustani ya nyuma ni ya Miradie. Kwenye ukumbi wa msikiti walimkubalia Jumatatu tu, na jiwe lingebebwa mgongoni. Kwa hiyo ilikuwa hapa na mchana, au si popote. Akasema hivyo bila kulia, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu mke mwenzangu hulia hata akipoteza mwavuli. Alikuwa na sura ile aliyokuwa nayo akiutazama mlango wa Athmani.

Tukaanza kutafuta ukimya.

Jumapili aliweka blanketi mbili chini ya jiwe. Jiwe likawa linacheza kama mtu aliyelala kwenye godoro la maji, pigo likazama, alama ikatoka imefifia. Jumatatu akatandika mpira mzito chini ya meza nzima. Akanituma nje kwenye ngazi nikasikilize. Nikasikiliza. Ndu. Ndu. Hata waya wa kengele ulitetemeka, na paka wa jirani akahama mtaa. Haya, hakuhama. Lakini alinyanyuka.

Jumanne ndipo nilipokumbuka, na nilikumbuka kwa sababu ya lile neno la Miradie, kutwanga.

Nyumba ya mama yangu ilikuwa ya ghorofa, na chini alikaa mjomba Shee, mtu mwenye masikio makali kiasi kwamba sisimizi wakigombana ndani ya sukari aliwaamulia. Na juu, kila siku ya Mungu, mama alitwanga. Mpunga, mtama, viungo vya pilau. Mjomba Shee hakulalamika hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu kinu cha ghorofani hakiwekwi popote tu. Mtoto wa kike alifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kupika. Kwanza, kamwe si katikati ya chumba, maana hapo boriti ni ndefu na zinapwita kama ngozi ya ngoma. Kinu huwekwa kando, pale boriti zinapoingia ukutani, ukuta ubebe pigo. Pili, chini yake gunia la mchanga, lisijazwe sana, liwe na nafasi ya kuhema. Mchanga hunywa. Tatu, kila kinachogusa sakafu hukaa juu ya kata, ile ile pete ya kitambaa unayoweka kichwani ukibeba mtungi.

Nikamweleza Faridah. Akanitazama.

"Bibi. Ulikuwa unayajua haya tangu Jumamosi?"

"Ulinikataza kusogea."

"Nilikukataza kusogea, sikukukataza kusema!"

"Mdomo wangu uko mbele ya mkono wangu, ningevuka mpaka."

Akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumamosi. Tukaisukuma meza kutoka katikati mpaka kwenye ukuta mnene wa upande wa bomba la moshi. Nikazipasua leso zangu mbili za zamani, nikazisokota, nikashona kata nne, kila moja nene kama mkate, zimekazwa mpaka sindano ikalia. Tukaiinua meza mguu mmoja mmoja tukazivisha chini.

Ikabaki mchanga. Nami nikafanya kosa, na nalikiri. Nilidhani London haina mchanga. Utoke wapi? Mto wenyewe ni matope. Kwa hiyo Jumatano, Faridah akiwa kazini, nikashona mfuko nikaujaza mchele wa basmati, nikalinyanyua jiwe ncha moja moja kwa mpini wa ufagio nikauingiza chini yake, nikajisifu. Alhamisi akagonga mara ya kwanza, mchele ukalia kama panya anatafuna biskuti. Mara ya pili ukakimbilia upande mmoja. Mara ya tatu jiwe likainama, chuma kikateleza, na ua alilolikata kwa siku mbili likapata kovu kutoka shina mpaka juu.

Hakunikaripia. Aliitazama saa. "Kesho Ijumaa," akasema, akaenda kuvaa nguo za kazi.

Nilitoka nyuma yake nikaenda mpaka kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikamwuliza muuzaji kwa mikono yangu, maana Kiingereza changu kina vyumba viwili tu. Akanielewa, akanionyesha. Mchanga, jamani! Umeoshwa, umekaushwa, umefungwa kwenye mifuko, una maandishi na picha ya mtoto anacheza, umepangwa rafuni kama sukari. Nimetoka mahali mtu anakunguta mchanga kitandani kila siku kama laana, na huku wanauweka kwenye duka wanaufunga kwa plastiki. Nikasimama pale nikiutazama mpaka yule mtu akaniuliza kama najisikia vibaya.

Usiku Faridah aliporudi tukaumwaga mchele, tukaujaza mfuko ule mchanga bila kuushindilia, tukalirudisha jiwe juu yake. Ijumaa saa nne asubuhi nikashuka kugonga mlango wa Miradie kabla hajalala.

"Nimekuja kulala kwako," nikamwambia.

"Mama?"

"Wewe ulale kitandani kwako kama kawaida. Mimi nikae kitini. Faridah atagonga. Ukisikia, sema, nami nitapanda mwenyewe nifunge lile sanduku."

Alifikiri, akaona kwamba kunifukuza kungechukua muda zaidi. Akanikaribisha. Chumba chake kilikuwa giza, mapazia mazito, kitanda kiko sawasawa chini ya pale meza yetu ilipokuwa mwanzo. Akajilaza na kofia yake. Mimi nikakaa na simu yangu, Faridah yuko upande wa pili, nimeiweka kwa sauti ya juu.

"Anza," nikamwambia.

Tak. Tak. Tak. Tak.

Nikashika mkono wa kiti ninyanyuke. Miradie akafumba macho kwa uchungu, akasema, "Si unaona, mama? Njo hii."

Tak. Tak.

Halafu akafungua jicho moja. Akatazama dari. Akatazama mkono wangu.

"Mama. Zima ile simu."

Nikaizima.

Juu kukawa kimya. Nimesikia ukimya mwingi maishani, wa msiba, wa mchana wa Ramadhani, wa mume aliyenuna. Huu ulikuwa mwingine. Nilijua kwa yakini kwamba pale juu, mikono mitatu kutoka kichwani kwangu, mjukuu wangu alikuwa anapiga nyundo juu ya chuma juu ya jiwe, na pigo lilikuwa linaondoka mkononi mwake linashuka, linafika kwenye mchanga, na mchanga unalipokea. Kila pigo. Hakuna lililorudishwa. Nilitazama dari kama mtu aliyeona malaika akipita bila kukanyaga.

"Amesimama?" Miradie akanong'ona.

"Hajasimama."

"Apige kwa nguvu."

"Anapiga kwa nguvu."

"Yesu," akasema Miradie, akageukia ukuta, na katika kufumba na kufumbua nikamsikia anahema kama mtoto.

Sasa mimi nikakwama. Nikinyanyuka kiti kitalia. Nikifungua mlango utalia. Nikaona nikae nilinde usingizi wa mtu. Nikakaa. Chumba chenyewe giza, vuguvugu.

Niliamshwa kwa kutikiswa bega.

"Mama. Mama! Juu kumenyamaza, sasa ni weye!"

"Mimi?"

"Unakoroma kama mashine ya kusaga mihogo!"

Nilikataa, bila shaka. Mimi sikoromi, na marehemu Athmani angenishuhudia kama angekuwepo. Lakini usingizi wake ulikuwa umeshakatika, na alikuwa amekaa kitandani anacheka, na anatazama dari tena.

"Bado anapiga?"

"Mpaka saa nane na nusu."

Akavaa kanzu juu ya nguo za kulalia. "Twende nione."

Tuliingia polepole na Faridah hakutusikia. Alikuwa ameinama, taa imelala ubavuni, sponji imekauka kando yake. Nilijua alikuwa anachonga kifuniko cha mkoba, ngozi mpya, kwa sababu ile ya kovu aliiweka kando. Sikujua alikuwa amefika wapi. Lilikuwa ua la mlangilangi, yale majani yake marefu yanayoning'inia kama vidole vya mtu aliyesinzia, na kila moja limepinda kwa namna yake, jingine limepita juu ya mwenzake, na chini ya lile lililopita kuna giza kabisa, kana kwamba ungeweza kuingiza ukucha. Kwenye ngozi! Unene wa sarafu mbili! Nikaona haya kwamba nimelala.

Miradie alisimama mkono umeziba mdomo. Kisha akausogeza ule mkono, akagusa kwa ncha ya kidole ua lililokauka, kwenye kona.

Faridah akashtuka. "Dada! Umesikia? Nimekuamsha?"

"Hapana. Mama njo ameniamsha." Hakuondoa kidole. "Hii ulifanya leo?"

"Leo. Tangu saa nne."

"Nikiwa nalala."

"Ukiwa umelala."

"Juu ya kichwa yangu."

"Juu ya kichwa chako. Pembeni kidogo."

Miradie akakizungusha kidole kwenye ukingo wa ua. Nilimwona Faridah anaishika nyundo kwa mikono miwili, hajui bado kama ataiweka sandukuni au la, anangoja aambiwe.

"Na hii," Miradie akauliza, akionyesha ua jingine ambalo mkato wake ulikuwa umekwisha lakini limelala bado, bapa, mistari mitupu, "hii itatoka vile vile kama ile ingine?"

"Itatoka."

"Piga."

"Sasa?"

"Sasa. Nione."

Faridah akaiweka ngozi shavuni, akaona baridi bado imo. Akauweka mdomo wa chuma kwenye mkato. Akagonga, akasogeza, akagonga. Upande mmoja ukashuka. Ua likaanza kuinuka, ukingo wake wa kwanza, mwembamba kama ukucha wa mtoto. Miradie akavuta pumzi akaizuia. Akainama zaidi, na zaidi, mpaka kofia yake ya kulalia ikaingia katikati ya taa na jiwe.

"Dada," Faridah akasema, "unanizibia mwanga."

"Samahani." Akasogea hatua moja, macho yakabaki pale pale. "Piga tena."